Jeni, Mazingira na Uamiliaji wa Lugha kwa Mtoto Kiziwi: Mafunzo kwa Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Mjadala kuhusu nafasi ya jeni na mazingira katika ukuaji wa binadamu aghalabu huwekwa kama shindano: kipi kina nguvu kuliko kingine? Makala haya yanaonesha kwamba swali likiulizwa hivyo hupotosha utafiti na sera. Kwa kutumia mfano wa uziwi wa utotoni, yanaeleza jinsi jeni moja inavyoweza kuleta matokeo mawili tofauti kabisa katika mazingira mawili, na jinsi hali ileile inavyoweza kutokana na jeni, na maradhi, au na dawa. Data zimepatikana kwa njia ya maktabani, kutoka tafiti zilizofanyika Ghana, Nikaragua, Romania, Uingereza na Marekani. Hoja kuu ni kwamba chanzo cha uziwi hakiamui kama mtoto atapata lugha au atakosa. Kinachoamua ni kama lugha anayoweza kuipokea imemfikia mapema. Makala yanajadili pia istilahi za Kiswahili zinazochangia mkanganyiko huu, na kutoa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Methali za Kiswahili zimeubeba mjadala huu tangu kale, na zimeubeba pande zote mbili. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" na "Samaki mkunje angali mbichi" zinayapa malezi uzito wa kwanza. Kwa upande mwingine, "Mwana wa nyoka ni nyoka" na "Maji hufuata mkondo" zinatukumbusha kwamba mtu hutoka mahali. Jamii haikuona haja ya kuchagua upande mmoja. Ilizihifadhi zote, ikazitumia kulingana na tukio lililokuwa mbele yake.

Katika taaluma za Ulaya, hata hivyo, pande hizo mbili ziligeuzwa kuwa mahasimu. Mwingereza Francis Galton, katika kitabu chake cha mwaka 1874 kuhusu wanasayansi wa Uingereza, alieneza jozi ya maneno inayotofautisha asili na malezi, akaitumia kuuliza ni kipi kinachomfanya mtu awe alivyo. Mwaka 1883 mtu huyohuyo alibuni jina la elimu ya kuboresha vizazi vya binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Madhara ya elimu hiyo katika karne ya 20 yanajulikana, na viziwi walikuwa miongoni mwa walioguswa nayo. Kwa hiyo swali la jeni na mazingira si la maabara peke yake. Jibu linalotolewa huamua nani atahudumiwa, nani ataachwa, na nani ataambiwa kwamba hali yake haina la kufanya.

Makala haya yamechagua uziwi wa utotoni kuwa mfano kwa sababu tatu. Kwanza, vyanzo vyake vinajulikana vyema kuliko vya tabia nyingi za binadamu. Pili, athari yake kubwa zaidi huonekana katika lugha, ambayo ndiyo uwanja wa kongamano hili. Tatu, nchi zetu zimekwisha kuchukua hatua za kisheria kuhusu lugha za viziwi, na sasa zinahitaji maarifa yatakayozifanya hatua hizo zimfikie mtoto kwa wakati.

2.0 Istilahi na Mitego Yake

Kabla ya kuingia katika ushahidi, inafaa kutazama maneno tunayoyatumia, maana baadhi yake hutoa hitimisho kabla ya hoja.

Neno la kwanza ni kurithi. Katika Kiswahili mtu hurithi shamba, jina, madaraka, ugonjwa na hata sura ya babu yake. Anayerithi shamba hulipata lilivyo, pamoja na mipaka yake. Dhana hii ikihamishiwa katika biolojia hutufanya tuamini kwamba mtoto hukabidhiwa kimo, akili au kipaji kama anavyokabidhiwa shamba. Ukweli ni kwamba anachopokea kutoka kwa wazazi ni jeni. Kimo na kipaji hujengwa baadaye, hatua kwa hatua, kwa kutumia jeni hizo pamoja na chakula, maradhi, mapenzi na maneno yanayomzunguka.

Neno la pili ni vinasaba, ambalo limeenea katika vyombo vya habari vya Tanzania hasa kupitia kesi za kutambua baba wa mtoto. Ni neno zuri, lakini mzizi wake, nasaba, huvuta fikra kwenye ukoo. Msomaji husahau kwamba vinasaba hufanya kazi kila siku ndani ya mwili wa mtu aliye hai, na kwamba jeni nyingine huamka na nyingine hulala kutegemea yanayoupata mwili huo.

Neno la tatu ni mazingira. Katika matumizi ya leo neno hili limeelemea misitu, mito na taka. Katika makala haya linajumuisha kila kisicho jeni: tumbo la mama, lishe, maambukizi, dawa, na kwa namna ya pekee lugha ambayo mtoto anaiona au kuisikia.

Neno la nne ni bubu. Katika sehemu nyingi za ukanda wetu mtoto asiyesikia huitwa bubu. Jina kiziwi linaeleza hali ya sikio. Jina bubu linaeleza kukosa usemi, na linapogeuzwa kuwa jina la mtu hulifanya tokeo lionekane kuwa ni maumbile. Mtoto kiziwi asiye na matatizo mengine hana kasoro katika uwezo wake wa lugha. Ukimya wake ni tokeo la kukosa lugha inayoweza kumfikia. Si ajabu kwamba chama cha viziwi nchini Tanzania, CHAVITA, kinatumia neno kiziwi katika jina lake.

3.0 Jeni Hufanya Nini?

Jeni ni sehemu ya vinasaba yenye maelekezo ambayo chembehai huyatumia, mara nyingi kutengeneza protini. Hakuna jeni yenye maelekezo ya kutengeneza kitenzi au sentensi. Mfano unaotajwa sana ni wa familia moja ya London inayojulikana katika maandishi ya kisayansi kama familia ya KE. Katika vizazi vitatu, takriban nusu ya wanafamilia walikuwa na ugumu mkubwa wa kuratibu mienendo ya kinywa na ulimi wakati wa kusema, pamoja na matatizo ya sarufi. Hali hiyo iliripotiwa mwaka 1990, na mwaka 2001 watafiti walitambua badiliko katika jeni iitwayo FOXP2, iliyoko katika kromosomu ya 7 (Lai na wenzake, 2001).

Magazeti mengi yalitangaza kwamba "jeni ya lugha" imepatikana. Tangazo hilo halikuwa sahihi. Jeni hiyo ipo pia kwa panya na kwa ndege, na hufanya kazi katika viungo vingine, yakiwemo mapafu. Kazi yake ni kudhibiti jeni nyingine. Zaidi ya hayo, wanafamilia walioathirika walijifunza Kiingereza, ingawa kwa taabu. Badiliko la FOXP2 linatuonesha kwamba lugha inahitaji jeni fulani ziwe timamu. Halituambii kwamba lugha imeandikwa humo.

Mfano wa pili unatoka katika tiba. Mwaka 1934 daktari wa Norway, Asbjørn Følling, alieleza ugonjwa wa kurithi ambao baadaye uliitwa fenilketonuria. Mtoto mwenye jeni mbili zenye kasoro, moja kutoka kwa kila mzazi, hawezi kuvunjavunja kiini kimoja cha protini kinachopatikana katika vyakula vya kawaida. Kiini hicho hujikusanya mwilini na kuuharibu ubongo. Lakini mtoto huyo akigunduliwa katika siku za mwanzo za maisha na kupewa chakula chenye kiasi kidogo cha kiini hicho, ubongo wake hukua vizuri. Jeni zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni kilichomo katika sahani yake.

Je, ulemavu wa akili katika ugonjwa huu unatokana na jeni au chakula? Bila jeni hizo, chakula hakidhuru. Bila chakula hicho, jeni hazileti madhara hayo. Kugawa lawama kwa asilimia kati ya viwili hivyo ni sawa na kuuliza ni sehemu gani ya eneo la shamba inayotokana na urefu na ni sehemu gani inayotokana na upana.

4.0 Uziwi: Hali Moja, Njia Nyingi

4.1 Vyanzo

Mtoto anaweza kuwa kiziwi kwa sababu ya jeni. Jeni inayotajwa mara nyingi zaidi duniani ni GJB2, inayohusika na protini ya sikio la ndani. Mabadiliko yake mengi hujificha: mtu mwenye nakala moja iliyobadilika husikia vizuri, na mtoto huwa kiziwi anapopokea nakala mbili. Ndiyo maana wazazi wanaosikia, ambao ukoo wao haukumbuki kiziwi yeyote, wanaweza kupata mtoto kiziwi.

Mtoto mwingine anaweza kuwa kiziwi kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, surua, rubela iliyompata mama wakati wa ujauzito, umanjano mkali wa mtoto mchanga, au maambukizi ya sikio yaliyoachwa bila tiba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na vyanzo vinavyoweza kuzuilika, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati kiwango hicho hufikia asilimia 75.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Mwaka 1993 watafiti walieleza badiliko katika vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake. Mtu mwenye badiliko hilo anaweza kuishi akisikia. Akipewa dawa za kuua bakteria za kundi la gentamaisini na streptomaisini, hata kwa kipimo ambacho wengine huvumilia, anaweza kupoteza usikivu wake wote. Streptomaisini ilitumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu, na gentamaisini bado ni dawa muhimu kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Katika hali hii jeni peke yake si hukumu, na dawa peke yake si sumu. Uziwi huzaliwa pale vinapokutana.

4.2 Adamorobe: jeni ileile, lugha ipo

Adamorobe ni kijiji kilichoko Mkoa wa Mashariki nchini Ghana, si mbali na Accra. Kwa vizazi vingi kijiji hicho kimekuwa na viziwi wengi kuliko kawaida, na utafiti wa miaka ya 1990 ulionesha kwamba chanzo ni badiliko moja la jeni ya GJB2 lililoenea katika koo za hapo (Brobby na wenzake, 1998).

Ikiwa tungetabiri hali ya lugha kwa kutazama jeni peke yake, tungesema kwamba Adamorobe ni kijiji cha watu wasio na lugha. Hali halisi ni kinyume. Wakazi walijenga lugha ya alama ya kijiji, yenye msamiati na sarufi yake, ambayo imeelezwa kwa kina na mwanaisimu Victoria Nyst katika utafiti wake wa mwaka 2007. Viziwi huitumia, na wakazi wengi wanaosikia huitumia pia wanapozungumza nao. Mtoto kiziwi aliyezaliwa hapo alikuta lugha uani, shambani na njiani, kama mtoto anayesikia alivyoikuta Kiakan.

Historia ya kijiji hicho ina funzo la kisera pia. Uongozi wa jadi uliwahi kuwazuia viziwi wasioane wao kwa wao ili kupunguza idadi ya viziwi. Hatua hiyo ililenga jeni, lakini haikuweza kuwafikia wote wenye jeni hiyo, kwa kuwa wengi wao ni watu wanaosikia wenye nakala moja. Iliwanyima viziwi haki ya kuchagua wenzi, wakati uziwi ungeweza kuendelea kupitia ndoa za wanaosikia.

4.3 Managua: lugha inapokosekana na inapozaliwa

Hali ya Nikaragua ni tofauti. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, watoto viziwi wa nchi hiyo kwa kawaida waliishi mbalimbali, kila mmoja katika familia inayosikia, akitumia ishara chache za nyumbani. Mwaka 1977 kituo cha elimu maalumu jijini Managua kilianza kuwakusanya, na mwaka 1980 shule ya ufundi ya vijana ikafunguliwa. Walimu walifundisha Kihispania cha kusoma midomo, bila mafanikio makubwa. Lakini uwanjani na ndani ya mabasi, watoto walianza kuunganisha ishara zao. Wadogo waliofuata walizipokea na kuzigeuza kuwa lugha kamili.

Mabadiliko hayo yalipimwa. Mtu anayesikia akieleza kwa mikono mpira unaoviringika kwenda chini, kwa kawaida huonesha kuviringika na kwenda chini kwa pamoja katika mwendo mmoja wa mkono. Senghas na wenzake (2004) walionesha kwamba makundi ya baadaye ya watoto wa Managua yalizitenganisha dhana hizo mbili katika alama mbili zinazofuatana, kama lugha nyingine zinavyotenga maneno. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha jambo hilo.

Ushahidi huu hauupi ushindi upande wowote wa mjadala wa zamani. Watoto wa Managua wanaonesha kwamba binadamu huzaliwa na uwezo mkubwa wa kuunda sarufi, na uwezo huo una msingi katika maumbile. Wakati huohuo wanaonesha kwamba uwezo huo haukuzaa lugha mpaka watoto walipokutana. Mtoto mmoja mmoja nyumbani, mwenye jeni zilezile, alibaki na ishara chache.

5.0 Suala la Wakati

Mazingira hayana uzito uleule katika kila umri. Mradi wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000, uliwahusisha watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya Romania. Baadhi yao, kwa kura, walihamishiwa katika familia za kulea. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa kura, tofauti zilizojitokeza baadaye haziwezi kuelezwa kwa jeni zao. Katika lugha, waliohamishwa kabla ya umri wa takriban miezi 15 waliwafikia watoto wa kawaida wa umri wao. Waliohamishwa baada ya miezi 24 walibaki nyuma sana, karibu sawa na waliobaki vituoni (Windsor na wenzake, 2011).

Watoto hao walikuwa wanasikia. Kwa viziwi, picha haiko mbali. Tafiti za Rachel Mayberry kuhusu watumiaji wa Lugha ya Alama ya Marekani zimeonesha kwamba mtu aliyekutana na lugha yake ya kwanza akiwa amechelewa hubaki na ugumu wa sarufi hata baada ya miaka mingi ya kuitumia. Aliyepata uziwi baadaye, akiwa tayari na lugha moja kutoka utotoni, hujifunza lugha ya alama kwa urahisi zaidi. Nako Colorado, Yoshinaga-Itano na wenzake (1998) waligundua kwamba watoto waliotambuliwa kuwa na upungufu wa usikivu kabla ya miezi 6 na kuhudumiwa mara moja walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye.

Hapa ndipo penye hatari kwa nchi zetu. Sera nyingi za elimu ya viziwi huhesabu umri wa mtoto kuanzia siku anapoingia shule. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wanaosikia, asiyepimwa, anaweza kufika darasani akiwa na miaka sita, saba au zaidi bila lugha yoyote. Mwalimu humwona hafuati masomo na kuhitimisha kwamba ndivyo alivyozaliwa. Hitimisho hilo huhamishia kwenye maumbile kosa lililotendwa na miaka sita ya kimya.

6.0 Asilimia Zinavyopotosha

Washauri wa sera hukutana mara kwa mara na tarakimu zinazosema kwamba tabia fulani "inatokana na jeni kwa asilimia kadhaa". Katika makala haya kipimo hicho kinaitwa kiwango cha urithikaji. Hupimwa hasa kwa kulinganisha pacha wanaofanana na wasiofanana, na maana yake ni finyu: ni sehemu ya tofauti baina ya watu wa kundi fulani, kwa wakati fulani, inayohusiana na tofauti za jeni zao. Si sehemu ya mtu mmoja mmoja, na si kipimo cha ugumu wa kuibadili hali hiyo.

Kimo ni mfano wa wazi. Kiwango chake cha urithikaji katika nchi zenye lishe nzuri hukadiriwa kuwa karibu asilimia 80. Hata hivyo, wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 walikuwa warefu kuliko waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20. Jeni za taifa hazibadiliki kiasi hicho kwa karne moja. Richard Lewontin alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu: chukua konzi mbili kutoka gunia moja la mbegu mchanganyiko, panda moja katika udongo wenye rutuba na nyingine katika udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba, tofauti za mimea zitatokana na mbegu. Baina ya mashamba hayo mawili, tofauti yote itatokana na udongo.

Vilevile, Turkheimer na wenzake (2003) walipochunguza pacha wa miaka saba nchini Marekani, walikuta kwamba katika familia maskini urithikaji wa alama za majaribio ya akili ulikuwa karibu na sifuri, na katika familia zenye uwezo ulikuwa mkubwa. Tafiti za baadaye za Ulaya na Australia hazikupata tofauti kama hiyo, jambo linalothibitisha zaidi kwamba tarakimu hizi hufuata jamii zilikopimwa.

Turudi kwenye uziwi, kwa hesabu ya kubuni. Tuchukulie wilaya yenye watoto viziwi 100, ambapo 25 wamepata uziwi kwa jeni na 75 kwa maradhi. Wilaya ikieneza chanjo na huduma bora za uzazi, na idadi ya wa kundi la pili ikashuka hadi 15, watabaki watoto viziwi 40. Sehemu inayotokana na jeni itakuwa imepanda kutoka asilimia 25 hadi asilimia 62.5, ilhali hakuna jeni hata moja iliyobadilika wala mtoto mmoja aliyeongezeka. Msomaji wa haraka atasema kwamba uziwi wa wilaya hiyo umekuwa "wa kurithi" zaidi na kwamba juhudi hazifai. Kumbe asilimia hiyo ni matunda ya juhudi zenyewe.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, upimaji wa usikivu uunganishwe na kliniki za chanjo za watoto, ambako akina mama wengi tayari hufika. Lengo linalotumika katika nchi kadhaa ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, na kuanza huduma kabla ya miezi 6. Pale ambapo vifaa havijafika, maswali machache kwa mzazi na mhudumu aliyefunzwa ni mwanzo bora kuliko kungojea shule.

Pili, historia ya uziwi katika ukoo wa mama iulizwe kabla ya kutoa dawa za kundi la gentamaisini, pale ambapo kuna dawa mbadala. Pendekezo hili lisieleweke kuwa ni kumnyima mtoto mchanga dawa inayookoa maisha.

Tatu, lugha ya alama ipelekwe nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua lugha ya ishara ya nchi hiyo kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka dola iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unazitaka nchi ziwezeshe ujifunzaji wa lugha hiyo. Hatua hizi ni za thamani, lakini mtoto wa mwaka mmoja hafiki bungeni. Anahitaji mama, baba, bibi na ndugu wanaojua alama. Viziwi watu wazima waajiriwe kuwa walimu wa familia, kwa kuwa ndio wenye lugha.

Nne, istilahi zioanishwe. Tanzania husema lugha ya alama, Kenya husema lugha ya ishara. Tofauti hiyo haina madhara makubwa, lakini maneno bubu, kurithi na urithikaji yanahitaji mwongozo wa pamoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, inafaa kuiongoza kazi hiyo kwa kushirikiana na vyama vya viziwi na wanabiolojia.

Tano, ripoti za utafiti zinazowasilishwa kwa watunga sera zikitaja asilimia za jeni zieleze asilimia hizo zilipimwa wapi, lini na kwa kundi gani. Bila maelezo hayo zisitumiwe kugawa rasilimali.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba jeni na mazingira hayafanyi kazi kwa zamu wala kwa mafungu yanayoweza kutengwa. Katika fenilketonuria jeni hudhuru kupitia chakula. Katika badiliko la mitokondria hudhuru kupitia dawa. Huko Adamorobe jeni ya uziwi haikuzuia lugha kwa sababu kijiji kizima kilikuwa nayo. Kujua chanzo cha uziwi wa mtoto kuna manufaa: humsaidia daktari, huwaondolea wazazi lawama na shutuma za uchawi, na huisaidia wizara kupanga chanjo. Lakini jibu la swali la chanzo si jibu la swali la lugha. Mtoto aliyepata uziwi kwa jeni na aliyeupata kwa homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga wana mahitaji yaleyale ya lugha, na muda uleule mfupi wa kuyatimiza. Muda huo huanza kliniki na nyumbani, na sehemu yake kubwa huwa imekwisha siku mtoto anapoandikishwa shule.